Toba ya Watu wa Mkokoteni

Koki Mbithi alikuwa na ulimi kama watu wengine, ila wake ulikuwa na masharti. Mbele ya mtu mmoja aliyemzoea ulifanya kazi vizuri. Wakiwa wawili, ulianza kuchechemea. Wakifika watatu ulilala kabisa, na Koki akabaki akitazama vidole vya miguu yake kana kwamba ndivyo vilivyoulizwa swali. Mama yake aliwaambia watu kwamba binti aliacha shule darasa la sita kwa kukosa karo. Karo ilikosekana kweli, lakini mwalimu wa darasa la sita alikuwa na tabia ya kuwaita watoto mbele wasome kwa sauti, na Koki alikuwa ameshaanza kupanga namna ya kuugua hadi mwisho wa mwaka. Karo ilipokosekana alilia kidogo ili mama asijisikie vibaya, kisha akapona.

Sasa alikuwa mwanamke kijana mwenye biashara yake, na biashara hiyo aliichagua kwa akili: kitu kisichohitaji kupigiwa kelele. Aliuza maranda, yale maganda mepesi ya mbao yanayodondoka chini seremala anapopiga randa. Maseremala wa soko la Gikomba walifurahi mtu akiwaondolea uchafu huo. Koki aliukusanya, akaushindilia kwenye magunia, akaupeleka mtaa wa Lucky Summer kwa akina mama wanaofuga kuku, nao wakautandika chini ya vifaranga. Kuku hawana maneno. Wenye kuku walikuwa nayo, lakini alikutana nao mmoja mmoja, kila mtu mlangoni pake, na kwa mmoja Koki aliweza.

Ubaya wa gunia la maranda ni kwamba lina uzito wa mto wa kulalia na ukubwa wa ng'ombe. Utingo wa matatu akiliona kwa mbali tu, anapiga ubavu wa gari dereva aongeze mwendo. Mwenye pikapu ukimwita anacheka, halafu anakuuliza kama kweli unataka abebe hewa. Chombo pekee kilichokubali kubeba hewa kutoka Gikomba mpaka Lucky Summer kilikuwa mkokoteni, na mkokoteni wenyewe ulivutwa na Wekulo, jamaa wa Bungoma mwenye mabega mapana na mdomo mpana zaidi. Wekulo alizungumza kwa niaba ya wote wawili njia nzima. Alisalimu wenye vibanda, akatukana madereva, akajibu matusi yao. Koki alisukuma kwa nyuma, amejificha kwenye kivuli cha magunia, na kama kuna mtu mjini alikuwa na kazi inayomfaa zaidi ya hiyo, Koki hakuwa amemwona.

Basi mwaka uliofuata ile mvua ya Elinino, barabara zikiwa zimebaki mashimo yanayoweza kufugiwa bata, redio ikatangaza kwamba wizara imeamua kurudisha utaratibu barabarani. Wizara ilikuwa imetazama mashimo, ikatazama msongamano wa magari, ikatafuta mkosaji, ikampata. Kuanzia mwezi wa saba, mkokoteni wowote usionekane kwenye lami mchana.

"Si tutapita usiku," Koki akamwambia Wekulo.

"Usiku nani atakufungulia banda la kuku, dada? Watakupigia kelele za mwizi. Wewe hata kusema 'mimi si mwizi' huwezi, tutachomwa na maranda yetu."

Hilo lilikuwa kweli. Koki akaanza kuona Buruburu ikimjia. Kabla ya maranda alikuwa mfanyakazi wa nyumbani huko, kwa mama mmoja ambaye nyumba yake haikuisha wageni. Kila siku chai iliandaliwa, na chai haikujipeleka yenyewe sebuleni. Koki alikuwa akisimama nyuma ya mlango wa jikoni na sinia mkononi, akisubiri wageni waondoke ndipo awapelekee chai. Mama huyo hakuwa mbaya. Alikuwa bado anamtumia salamu: nafasi yako ipo, Koki, rudi wakati wowote. Salamu hizo zilimtia Koki baridi kuliko matusi.

"Mikokoteni ikiisha, Buruburu wanakungoja," mama yake, Kaluki, alisema akipepeta mchele. "Mimi sitaki msichana wa kukaa hapa Kaloleni akihesabu treni."

"Haijaisha, Mwaitu," Koki alisema, akimwita mama kwa Kikamba.

"Serikali imesema."

"Lakini bunge limesema halikuulizwa."

Na hilo pia redio ilikuwa imelitangaza. Wabunge walikuwa wamekasirika. Hawakukasirikia amri, wengi wao walikuwa na magari na mikokoteni iliwachelewesha pia. Walikasirika kwa kuwa wizara ilitoa amri bila kupitia kwao. Kwa hiyo kamati ya bunge inayoangalia mambo ya uchukuzi ingetembelea mitaa, isikilize wananchi, kisha itoe ushauri kwa Bunge kama amri hiyo ibaki au iondolewe. Kikao cha mitaa ya Eastlands kingefanyika katika ukumbi wa Kaloleni.

Watu wa mkokoteni wa Gikomba wakakutana chini ya paa la seremala mmoja kupanga nani atawasemea. Mwenyekiti wao alikuwa Mzee Irungu, aliyeacha kuvuta mkokoteni tangu magoti yalipomkataa, na sasa alivuta watu kwa maneno. Hakukuwa na kura. Irungu alikuwa na koti la suti, na wengine hawakuwa nalo.

"Nitawaambia kitu kimoja tu," Irungu alisema, halafu akasema vingi hadi jua likazama.

Koki alisikiliza akiwa amekaa juu ya gunia lake, ametulia kabisa. Jambo lilikuwa mikononi mwa mtu mwenye koti. Hakujua kwamba saa hiyo hiyo, nyumbani Kaloleni, karani wa chifu alikuwa mlangoni kwa mama yake. Ratiba ya kikao ilikuwa na maombi ya kufungua, na mchungaji alikuwa amekwenda mazishini Machakos. Walihitaji mtu wa hapa hapa mtaani, asiye mwanasiasa, anayejua kuomba.

"Umefika," Kaluki alimwambia karani. "Binti yangu."

Hapa ni lazima ielezwe kwamba Koki, mwenye ulimi wa masharti, alisifika kanisani kwa maombi. Watu walifikiri ni roho. Kumbe ni macho. Akifumba macho, watu wote walitoweka, akabaki na mmoja tu wa kuongea naye, na kwa mmoja, kama tulivyosema, Koki aliweza. Aliweza hata kupita kiasi. Akina mama wa kikundi cha maombi walikuwa wakija na mito ya kupigia magoti siku ya zamu yake. Tena aliomba kwa utaratibu aliofundishwa na mama yake tangu utotoni: shukrani kwanza, halafu toba, haja ziwe mwisho. Kuruka toba ni kama kuingia nyumba ya mtu na matope miguuni, Kaluki alikuwa akisema, halafu unaanza kuomba chumvi.

"Mwaitu, wale ni wabunge," Koki alisema aliporudi na kupewa habari.

"Kwani utawaona? Si utakuwa umefumba macho?"

"Nitawaona kabla ya kufumba."

"Basi ingia ukiwa umefumba."

Siku ya kikao ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wabunge walikaa mbele kwenye meza ndefu iliyofunikwa kitambaa cha kijani. Mwenyekiti wao alikuwa mzee mrefu, mwembamba, mwalimu wa zamani, na bado aliutazama umati kama anayetafuta aliyepiga mluzi. Kando yake alikaa mbunge kijana wa tai nyekundu. Upande wa pili, peke yake kwenye meza ndogo, alikaa Bwana Zedekiah, afisa aliyetumwa na wizara kuitetea amri. Alikuwa mtu wa heshima, mzee wa kanisa huko kwake, amevaa beji ya kanisa kwenye kola. Chini ya jukwaa alikaa mama mmoja wa Hansadi, kazi yake kuandika kila neno litakalosemwa.

Mlangoni kulikuwa na shida. Mzee Irungu alikuwa amezuiwa na karani wa bunge.

"Mlituma maoni yenu kwa maandishi?"

"Maandishi ya nini na mdomo huu hapa?"

"Watakaosikizwa leo ni walioandika, mzee. Wenye matatu waliandika. Wenye maduka waliandika. Chama cha wenye magari kiliandika."

"Na hao wote wanasema nini juu ya mkokoteni?"

Karani akatazama pembeni kwa adabu. "Unaweza kuingia usikilize," alisema.

Irungu akaingia na koti lake, akakaa safu ya nyuma na watu wake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeleta ngoma kwenye matanga. Wekulo akapenya kati ya watu mpaka alipokaa Koki, mbele kabisa, kwenye kiti cha wahusika.

"Dada, tumekwisha. Hatuko kwenye orodha."

Koki aliitikia kwa kichwa. Ulimi ulikuwa umeshalala.

"Hata mmoja wetu haongei. Hata mmoja." Wekulo akamtazama, kisha akaitazama ile ratiba aliyoishika, kisha akamtazama tena. "Ni wewe tu."

"Mimi naomba," Koki alinong'ona.

"Ndiyo hiyo. Omba."

Hakupata nafasi ya kueleza kwamba alikuwa ameandaa maombi mafupi: Mungu akibariki kikao, azilinde safari za wageni, amina. Mshereheshaji aliita jina lake. Watu wakasimama. Koki akapanda jukwaani akiwa ameshafumba macho kama alivyoshauriwa, akagonga kona ya meza ya wabunge kwa paja, akaomba radhi kwa meza, akasimama alipoona pametosha. Kumbe alikuwa amempa mwenyekiti mgongo. Mtu alimshika mabega akamgeuza.

"Baba yetu," alianza, na ukumbi mzima ukatoweka.

Ilikuwa raha. Palikuwa na giza na mmoja wa kumsikiliza. Yale maombi mafupi aliyaacha hapo hapo kwenye kona ya meza.

Akashukuru. Alishukuru kwa maranda, kwa kuwa Mungu alifanya mti uwe na kitanda ndani yake na takataka zake ziwe godoro la kuku. Alishukuru kwa mkokoteni, unaohamisha vitanda vya maharusi na marobota ya mitumba, na unaopeleka wagonjwa hospitali pale teksi inapoogopa matope. Safu ya nyuma ikaanza kuitikia: ndiyo, Bwana. Akashukuru kwa mabega ya Wekulo. Wekulo akaitikia mwenyewe.

Kisha, kwa kuwa shukrani zilikuwa zimekwisha, akaingia kwenye toba.

"Baba, tumekosa. Mikokoteni yetu haina breki. Breki yetu ni kipande cha tairi kuukuu tulichokipigilia nyuma, na tukitaka kusimama tunanyanyua mikono ya mbele ili mkia ukwaruze lami, na Baba wewe unajua kuwa kwenye mteremko haukwaruzi, unateleza tu."

Kuitikia kukapungua.

"Tunapita upande usio wetu kwa sababu upande wetu una mashimo. Jioni hatuna taa. Tumesikia habari za vile vibati vyekundu vinavyong'aa mbele ya taa za magari, na hatukununua. Tunabeba mzigo mrefu kuliko barabara. Wengine wetu tunavuta tukiwa tumelewa, tena mchana."

"Koki," sauti ya Wekulo ilisikika kwa mbali, kama mtu aliye ng'ambo ya mto. "Koki, hiyo inatosha."

"Hoja ya nidhamu, Bwana Mwenyekiti," akasema mbunge wa tai nyekundu. "Huyu haombi. Huyu anatoa ushahidi."

"Kaa chini, mheshimiwa. Mtu anaomba."

"Ndiyo, lakini—"

"Utamkatiza mtu akiongea na Mungu? Kanuni gani hiyo? Fumba macho."

Bwana Zedekiah yeye alikuwa amefumba yake zamani, kichwa ameinamisha, na kila kosa lilipotajwa alisema "Naam" kwa sauti ya ndani, kama mtu anayepokea baraka. Hata hivyo Koki alipofika kwenye haja, akamwomba Mungu azilainishe nyoyo za watu wa wizara ambao pengine hawajawahi kuusukuma mkokoteni hata kwa mchezo, afisa huyo naye alisikika akinong'ona, "Baba, wewe unajua tulifanya utafiti."

Haja yenyewe ilikuwa fupi. Koki aliomba mkokoteni usiondolewe mchana, kwa sababu ukiondolewa atarudishwa Buruburu kupeleka chai sebuleni, na Baba wewe unajua wageni ni wengi. Baada ya hapo palibaki amina tu. Lakini amina ina ubaya wake: ukishaisema unafungua macho. Koki akaombea basi viongozi. Akaombea wagonjwa. Akaombea treni. Akawa anatafuta mtu mwingine wa kuombea pale mwenyekiti mwenyewe aliposema, kwa sauti ya mwalimu anayefunga kipindi, "Amina."

Ukumbi ulirudi wote kwa mara moja, na nyuso zake zote. Koki akageuka, akaona safu ya nyuma. Mzee Irungu alikuwa amevua koti na kulikunja mapajani, kama mtu aliyefika mwisho wa safari.

Mwenyekiti akamwinamia mama wa Hansadi. "Umeyapata yote hayo?"

"Maombi hatuandiki, mheshimiwa."

"Umeandika nini?"

Mama yule akatazama karatasi yake. "Nimeandika 'Maombi'."

"Basi?"

"Basi, mheshimiwa."

Bwana Zedekiah akakohoa, akasema kwamba wizara ingefurahi sana kama maneno ya binti huyu yangeingia kwenye kumbukumbu, hasa sehemu ya katikati. Mwenyekiti akamjibu kwamba hata yeye angefurahi. Akamgeukia Koki, akamwuliza kwa upole kama angekubali kuapishwa, akae kwenye kiti cha mashahidi, na kuyarudia yote kama shahidi.

Koki akakaa. Akapewa Biblia akaapa, kwa sauti iliyomfikia karani peke yake. Kisha akatazama mbele, na mbele kulikuwa na wabunge, na nyuma ya wabunge kulikuwa na picha ukutani, hata picha ilikuwa inamtazama. Akafungua mdomo. Hewa ikatoka. Mama wa Hansadi alishika kalamu hewani, akasubiri, akaishusha.

"Binti, hakuna anayekuuma," mwenyekiti alisema.

Koki akatazama vidole vya miguu. Ndani ya kichwa chake aliona sinia, vikombe na mlango wa jikoni. Hivi ndivyo nitakavyorudi Buruburu, alifikiri: nimewaungamia wenzangu makosa yao yote mbele ya serikali, halafu nikaketi kimya kwenye sehemu ya kujitetea. Hata mjinga wa kawaida angeanza kinyume.

"Afumbe macho," mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Ilikuwa sauti ya Wekulo. "Mwambieni afumbe macho."

Mbunge wa tai nyekundu akasema ni kinyume cha utaratibu. Mwenyekiti akamwomba karani aangalie kwenye Kanuni za Kudumu kama kuna mahali shahidi analazimishwa kufungua macho. Karani akapekua kurasa, akarudi mwanzo, akapekua tena. Hapakuwa na kitu. Kanuni zilisema shahidi awe amevaa kwa heshima na amwelekee mwenyekiti anapozungumza.

"Fumba," akasema mwenyekiti. "Lakini kumbuka, hapa hatumwambii 'Baba'. Kila neno linapitia kwangu. Unasema 'Mheshimiwa Mwenyekiti'."

Koki akafumba. Giza likaja, tamu kama uji. Ila mara hii giza lilikuwa na watu wawili ndani yake, na ulimi ukachechemea.

"Mheshimiwa Mwenyekiti uliye mbinguni," alisema.

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu, na mama wa Hansadi aliandika huku mabega yakimtikisika. Mwenyekiti alisema maneno hayo yaachwe kama yalivyo, yeye mwenyewe hana pingamizi. Koki hakucheka. Kicheko kilimfikia kama mvua juu ya paa la mabati. Ilimradi alikuwa ndani, ikanyesha tu. Akashukuru tena, na akafika kwenye toba tena.

"Ruka hapo," alinong'ona Wekulo, ambaye kwa njia anazozijua mwenyewe alikuwa amefika chini ya jukwaa. "Nenda moja kwa moja kwa haja. Ruka hapo, dada yangu."

Koki alisikia. Alijaribu. Alitafuta mlango wa haja bila kupitia toba na hakuuona. Mama yake alikuwa amelijenga lile jambo vibaya, au vizuri mno. Akaungama yote, breki na mteremko, vibati na pombe, na Bwana Zedekiah akaandika kwa kasi kuliko Hansadi.

Alipomaliza, mwenyekiti akamgeukia afisa.

"Bwana Zedekiah, haya mambo ya breki na vibati, wizara ilikuwa inayajua?"

"Hapana, Mheshimiwa Mwenyekiti. Na ndiyo maana tukapiga marufuku."

"Mlipiga marufuku kitu ambacho hamjui kasoro yake?"

"Tulijua kina kasoro, mheshimiwa. Hatukujua ni ipi."

Mbunge wa tai nyekundu, ambaye tangu asubuhi alikuwa adui wa mkokoteni, akacheka kwa pua bila kutaka. Labda kwa kuona aibu ya kicheko hicho, alimgeukia Koki na kuuliza kwa ukali: "Mkipewa sharti la breki, vibati na namba za usajili, mtatii?"

Macho ya Koki yalikuwa bado yamefumbwa, na mtu akiwa katika hali hiyo haongopi.

"Baadhi yetu," alisema.

Safu ya nyuma ikaguna kama behewa linalofungwa breki.

"Na huyu anayekunong'oneza hapo chini?"

"Wekulo? Akiwa hajanywa."

"Sasa hayo si maombi, hayo ni mashtaka," alisema Wekulo, na hilo nalo liliingia kwenye Hansadi, maana aliyetakiwa kuandika kila neno aliandika kila neno.

Koki hakuona jinsi kikao kilivyomalizika. Alishushwa jukwaani, akaelekea msalani nyuma ya ukumbi, akakaa huko mpaka magari ya wabunge yakaondoka. Wenye matatu walisema yao, wenye maduka yao. Mama yake alimkuta pale akamwambia kuwa alikuwa ameomba vizuri, isipokuwa sehemu ya treni ilikuwa ndefu.

Majuma yaliyofuata hayakuwa mazuri Gikomba. Watu wa mkokoteni walikuwa wakimpisha Koki njiani kwa heshima ya kupita kiasi. "Pisheni, msiguse, ataungama," walisema. Mzee Irungu hakusema chochote, na kwa mtu kama Irungu hiyo ilikuwa hukumu kubwa. Wekulo aliendelea kumbebea maranda, lakini kimya kimya, na Koki akagundua kwamba safari ya kwenda Lucky Summer ni ndefu sana ikiwa watu wote wawili hawana la kusema. Jioni alikaa nyumbani akishona begi la nguo. Hakumwambia mama yake ni la nini, na Kaluki hakuuliza.

Mwezi wa sita ukiwa ukingoni, redio ilisoma habari za bungeni. Taarifa ya kamati ilikuwa imewasilishwa. Kamati ilisema kwamba amri ya wizara ilitolewa bila wizara kujua inachokikataza. Kwamba kutokana na ushahidi uliotolewa kwa kiapo katika ukumbi wa Kaloleni, kasoro za mikokoteni sasa zinajulikana kwa ukamilifu na zinaweza kurekebishwa. Kwamba marufuku isimamishwe, na badala yake kila mkokoteni uwe na breki ya chuma, vibati vyekundu nyuma na namba. Waziri alikuwa ameinuka, akasema wizara ilikuwa na wazo hilo hilo tangu mwanzo.

Maseremala waliacha randa. Watu walisikiliza mpaka habari za michezo zilipoanza.

"Kwa hiyo tunabaki," Irungu alisema hatimaye.

"Tunabaki," Wekulo akasema. "Na breki ya chuma. Na vibati. Na namba, kama gari la mheshimiwa." Akamgeukia Koki. "Ungeruka hapo tu, dada. Ungeruka, tungebaki bure."

"Angeruka, wangejuaje la kurekebisha?" Irungu aliuliza. Hakusema kwa furaha. Alisema kama mtu anayejaribu kiatu kisichomtosha na kuona hana kingine. Kisha akamwambia Koki kwamba mkutano ujao ataufungua yeye kwa maombi, na kwamba toba atamsomea kwanza yeye Irungu, kando, kabla ya kusemwa hadharani.

Kupigilia breki kulichukua muda. Fundi aliyejua kazi hiyo alikuwa mmoja, na mikokoteni ilipanga foleni kuanzia kibandani kwake mpaka mtoni. Wekulo alipopata zamu yake aliitukana breki kwa kuwa nzito, akavitukana vibati kwa kumfanya aonekane kama keki ya harusi, akaijaribu kwenye mteremko, ikashika mara moja, na magunia yote ya maranda yakamwangukia kichwani. Koki alimfukua. Wekulo akatoka na maranda kwenye nywele na masikio, na mambo ya kusema yakamrudia yote kwa pamoja, na njia nzima hakunyamaza tena.

Walifika Lucky Summer jua likiwa limeshuka. Mama Shiru, mmoja wa wale wafuga kuku, alikuwa amesimama kwenye geti la banda lake, mikono kiunoni.

"Juma zima," alisema. "Juma zima vifaranga wangu wanalala kwenye saruji. Ulikuwa wapi?"

Koki alitaka kumweleza. Mama Shiru alikuwa mmoja tu, na Koki alikuwa amemzoea. Alitaka kumwambia habari za bunge, kamati, wizara, foleni ya breki na kiapo. Akafungua mdomo, na binti wa Mama Shiru akatokea kwa nyuma, na jirani akachungulia juu ya ua.

"Tulikuwa na maombi," Koki alisema.

"Maombi ya juma zima?" Mama Shiru akashika kona ya gunia la kwanza. "Haya, leta. Na hilo lingine. Shika vizuri, usinimwagie mlangoni."